Poliesta Inayojiimarisha Yenyewe (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza namna nyuzi za kioo zinavyoimarisha plastiki za mashua na matangi. Kasoro ya plastiki hizo hujitokeza kifaa kinapochakaa: kutenganisha kioo na plastiki ni kazi ghali, na mabaki mengi huishia jalalani.

Je, uzi na kinachoushika haviwezi kuwa plastiki moja? Mwaka 1975 Capiati na Porter, watafiti waliofanya kazi Marekani, walionyesha kuwa inawezekana kwa polithini. Miaka ya 1990, kundi la Ian Ward katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, likaendeleza mbinu ya kukandamiza vitambaa vya plastiki kwa joto hadi vinakuwa mabamba magumu. Mabamba ya namna hiyo, ya polipropilini, yametumika kutengenezea masanduku ya safari ya Samsonite.

Poliesta, ile ile ya mashati na chupa za maji, inataka uangalifu zaidi. Uzi wake una nguvu kwa sababu ulivutwa kiwandani mpaka molekuli zake ndefu zikalala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Huyeyuka kati ya sentigredi 250 na 260. Joto likizidi, molekuli hujikunja ovyo na nguvu hupotea. Likipungua, nyuzi hazishikani.

Njia nafuu ni kufuma pamoja nyuzi za poliesta ya kawaida na za poliesta iliyorekebishwa ili iyeyuke chini ya sentigredi 200. Kitambaa hukaushwa kwanza, maana unyevu hukatakata molekuli kwenye joto kali. Kisha hubanwa kwenye mashine yenye joto: uzi uliorekebishwa huyeyuka na kuwa gundi, ule wa kawaida hubaki mzima. Shinikizo huzuia nyuzi zisisinyae.

Baada ya bamba kupoa, huja kipimo. Kipande hubanwa ncha zote mbili na kuvutwa polepole, mara nyingi milimita 2 kwa dakika. Chenye upana wa milimita 25 na unene wa 2, kikikatika kwa nyutoni 5,000, kina nguvu ya megapaskali 100.

Fundi mzoefu hukagua pia palipokatika. Nyuzi zilizochomoka zikiwa safi zinaonyesha gundi haikushika. Mpasuko laini usio na nyuzi unaonyesha bamba lilipata joto kupita kiasi.

Kwa ugumu wa kutopinda, plastiki yenye nyuzi za kioo bado inaongoza. Bamba la poliesta hutamba linapogongwa: hubonyea na kuchanika kidogo kidogo badala ya kuvunjika vipande.

Itaendelea wiki ijayo: namna mabamba chakavu yanavyoyeyushwa upya.