Maliza Dozi au Sitisha Dawa? Madhara ya Kudumu ya Baadhi ya Antibiotiki na Lugha ya Tahadhari kwa Mgonjwa wa Ganako, Wilaya ya Karatu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua madhara ya muda mrefu yanayoweza kusababishwa na makundi mawili ya antibiotiki zinazotumika nchini Tanzania, yaani aminoglaikosidi na fluorokwinoloni. Hoja kuu ni kwamba ujumbe wa "maliza dozi", uliosambazwa kwa nia njema ya kupunguza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, haumtoshelezi mgonjwa ambaye mwili wake umeanza kudhurika. Makala yanapendekeza namna ya kuweka ujumbe wa pili kando ya ule wa kwanza bila kuudhoofisha.

1.0 Utangulizi

Ganako imo katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, wilaya inayopakana na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Wakazi wengi wa Karatu ni Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji. Wapo pia wanaofanya kazi katika mashamba ya kahawa, katika vitunguu vya Mang'ola na katika shughuli za utalii. Kazi hizi zote hutegemea miguu yenye nguvu, mikono yenye hisi na masikio yanayosikia. Kwa sababu hiyo, dawa inayoponya maambukizi lakini ikaacha kano iliyokatika au sikio lililoziba huweza kumwondolea mtu riziki yake.

2.0 Aminoglaikosidi na upotevu wa usikivu

Streptomaisini iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1943, na ndiyo antibiotiki ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu. Haikuchukua miaka mingi kabla ya madaktari kubaini kuwa baadhi ya wagonjwa waliopona walibaki na kizunguzungu au uziwi. Maelezo ya kitabibu ni haya: dawa za kundi hili huingia katika majimaji ya sikio la ndani na kuua seli zenye vinyweleo, ambazo hugeuza sauti kuwa taarifa ya neva. Kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Sauti nyembamba za juu ndizo hupotea kwanza, hivyo mgonjwa huendelea kuzungumza kama kawaida huku hasara ikiongezeka. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye figo dhaifu, kwa kuwa figo ndizo huitoa dawa mwilini. Vilevile, wapo watu waliorithi kutoka kwa mama badiliko la kijenetiki linalofanya hata dozi ya kawaida iwe ya hatari.

Kwa Tanzania, suala hili lilijitokeza waziwazi katika tiba ya kifua kikuu sugu. Tiba hiyo ilianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, Wilaya ya Siha, mkoani Kilimanjaro, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mgonjwa alichomwa sindano za kanamaisini au amikasini kwa miezi sita au zaidi, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na njia bora zaidi ya kumwokoa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kanamaisini isitumike tena katika tiba hiyo, na dawa za kumeza, hususan bedakwilini, zikapewa kipaumbele.

Badiliko hilo halikufuta tatizo lote. Jentamaisini bado hutumika kwa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Ama homa ya brusela, ambayo huwapata zaidi watu wanaoishi karibu na mifugo, yaweza kutibiwa kwa streptomaisini au jentamaisini pamoja na doksisaiklini. Kwa jamii za Karatu na Ngorongoro jambo hili si la nadharia tu.

3.0 Fluorokwinoloni: kano, neva na mshipa mkuu

Kundi la pili linajumuisha siprofloksasini, ambayo mitaani huitwa "sipro", pamoja na levofloksasini na moksifloksasini. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tahadhari ya kiwango cha juu kuhusu kuvimba na kukatika kwa kano, hasa kano ya kisigino. Mwaka 2013 iliimarisha tahadhari kuhusu madhara ya neva za mikono na miguu, ambayo yaweza kuwa ya kudumu. Mwaka 2016 ilishauri dawa hizi zisitumike kwa maambukizi mepesi ya njia ya mkojo, sinasi na bronkaiti pale ambapo ipo dawa mbadala. Mwaka 2018 iliongeza onyo kuhusu kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Umoja wa Ulaya uliweka masharti yanayofanana na hayo mwaka 2019.

Madhara haya ni ya nadra, lakini hayawapati watu wote kwa kiwango kimoja. Walio hatarini zaidi kwa upande wa kano ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60, wanaotumia prednisoloni na waliopandikizwa figo. Kano yaweza kuuma baada ya siku chache za matumizi, au miezi kadhaa baada ya dawa kwisha. Ndiyo maana mgonjwa hahusishi maumivu ya leo na vidonge vya msimu uliopita.

Hapana budi kusisitiza upande wa pili. Levofloksasini na moksifloksasini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu sugu, na kwa mgonjwa huyo faida huzidi hatari kwa mbali. Tatizo ni sipro inayonunuliwa bila cheti cha daktari kwa kila maumivu ya mkojo yanayodhaniwa kuwa "UTI", au kwa kila homa inayodhaniwa kuwa taifodi. Hapo mtu hubeba hatari bila uhakika wa kupata faida.

4.0 Jumbe mbili zinazogongana

Elimu ya umma imewafundisha wananchi kumaliza dozi. Mtu aliyeipokea elimu hiyo kwa uaminifu, akihisi kisigino kinauma siku ya tatu, ataendelea kumeza. Utiifu wake ndio utakaomdhuru.

Lugha nayo huchangia. Neno "maudhi madogo madogo", lililozoeleka katika huduma za afya, humwandaa mgonjwa kuvumilia. "Athari" haielezi kama jambo ni jema au baya. "Madhara" hutisha bila kuelekeza. Vijikaratasi vya ndani ya pakiti kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kwa wazee wengi wa Ganako lugha ya kila siku ni Kiiraqw, na hata Kiswahili ni lugha ya pili.

Inafaa basi mtoa dawa atenganishe mambo matatu. La kwanza ni maudhi yapitayo, kama kichefuchefu, ambayo mgonjwa huyavumilia na kumaliza dozi. La pili ni dalili za kusitisha sipro mara moja na kurudi kituoni siku hiyo hiyo: maumivu ya kano, ganzi au kuungua kwa nyayo na vidole. Maumivu makali ya ghafla ya kifua, tumbo au mgongo ni dharura ya kwenda hospitali papo hapo. La tatu ni mlio masikioni, kizunguzungu au kutosikia vizuri kwa anayechomwa sindano: huyu amwambie mhudumu kabla ya sindano inayofuata, wala asiikimbie tiba, maana kifua kikuu kisichotibiwa huua.

5.0 Hitimisho

Mfumo wa kutoa taarifa upo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara ya dawa kupitia kadi ya njano, na ina ofisi ya kanda jijini Arusha. Hata hivyo, kadi haijazwi iwapo mgonjwa hajui kwamba ganzi ya miguu yake yaweza kuwa na uhusiano na dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika suala hili, ukuta wenyewe hauwezi kujengwa tena, kwa kuwa seli ya sikio iliyokufa hairudi. Makala haya yanapendekeza kwamba "maliza dozi" ifuatwe daima na sentensi moja: "lakini ukiona dalili hizi, rudi leo." Sentensi hiyo itamkwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, naye airudie kwa maneno yake kabla hajaondoka dirishani.