Walicheka katika nyumba ya mchwa

Je, msomaji, kazi yako ya kwanza uliifanyia wapi? Pengine ni katika kibanda kilichovuja, meza moja mkigombania watatu, na mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Hata hivyo, ukikutana leo na wenzako wa siku hizo, mnacheka hadi machozi yanawatoka. Kwa nini?

Sikiliza kisa cha vijana waliochora vibonzo huko Hollywood, Marekani. Mwaka wa 1935, Leon Schlesinger, aliyeitengenezea kampuni ya Warner Bros. filamu za vibonzo, alimwajiri Tex Avery. Yeye na wenzake, wakiwemo Chuck Jones na Bob Clampett, walitengewa kijumba kikuukuu cha mbao. Hakuna kati ya hao watatu aliyekuwa ametimiza miaka 30. Punde si punde waligundua kwamba walikuwa na wapangaji wenza: mchwa! Badala ya kununa, walikipa kijumba hicho jina la Termite Terrace, yaani 'Baraza la Mchwa'.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Katika kila sekunde ya filamu hupita fremu 24. Kwa hivyo kibonzo cha dakika 6 kina fremu 8,640. Wachoraji walichora kwa penseli. Kisha wengine, wengi wao wanawake, walinakili michoro hiyo kwa wino kwenye seluloidi na kuipaka rangi, kabla ya kamera kuinasa fremu moja baada ya nyingine.

Lakini kicheko hakikukosekana. Jones alipenda kusimulia jinsi walivyomtafutia sauti bata Daffy Duck, aliyeonekana kwanza mwaka wa 1937. Schlesinger alikuwa na kitembe, nao wakampa bata kitembe kicho hicho. Walipokumbuka kwamba mkubwa wao lazima aitazame filamu hiyo, mate yaliwakauka. Wakaandika barua za kujiuzulu mapema, wakangoja kufutwa. Filamu ilipokwisha, Schlesinger aliruka kwa furaha, akawauliza, kwa kitembe chake, sauti hiyo ya kuchekesha waliitoa wapi!

Schlesinger aliiuza studio kwa Warner Bros. mwaka wa 1944, nayo ikafungwa mwaka wa 1963. Jones aliaga dunia mwaka wa 2002, lakini hadi uzeeni hakuchoka kukisimulia kijumba kile. Utajiri haukuwa humo, wala starehe. Walikuwemo watu walioweza kuonyeshana mchoro mbovu bila kuoneana haya.

Basi, msomaji, Jumatatu hurudi kila wiki. Ukifika kazini na kuukuta mlango ule ule unaokwaruza, mtazame aliyeketi kando yako. Huenda miaka 30 ijayo ni yeye utakayemkumbuka, wala si mshahara. Mbona usimsalimu vizuri?