Mbio katika barabara isiyofungwa

Ukipanda basi Sirari kwenda Mwanza, mbio hazikawii kuanza. Konda anataka kuwahi abiria wa Tarime, noah ya nyuma inataka kupita kabla ya mlima, na bodaboda aliyebeba mishikaki yuko katikati yao. Hakuna bendera wala kombe, ila mashindano yapo.

Wenye mbio rasmi walishajifunza kwa uchungu. Mei 12, 1957, tairi la Ferrari lilipasuka karibu na Guidizzolo, Italia, katika Mille Miglia, mbio za kilomita 1,600 hivi katika barabara za kawaida kutoka Brescia hadi Roma na kurudi. Gari likavamia watu waliosimama kandokando. Walikufa watazamaji tisa, watano kati yao watoto, pamoja na dereva Alfonso de Portago na msaidizi wake. Serikali ikazipiga marufuku. Zilirudi 1977 zikiwa za magari ya kale, na mshindi akawa anayetunza muda vizuri, si anayekimbia kuliko wote.

Kwetu, Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 kwa Volvo, njia ilikuwa ya wote, malori na ng'ombe wakiwamo. Mashindano hayo yalitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002. Yaliporejea Naivasha mwaka 2021, vipande vya kukimbilia vilifungwa kwa wasiohusika.

Mkoa wa Mara hauhitaji kwenda Italia kutafuta funzo. Septemba 5, 2014, pale Sabasaba, Butiama, ajali ya mabasi mawili na gari dogo iliua watu zaidi ya 30.

Sheria ipo: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa mabasi hata nje ya makazi. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti nako mwisho ni 50, na madereva wa watalii wanaingia lango la Ikoma wakijua hivyo. Haiwezekani nyumbu apewe heshima ambayo mwanafunzi anayevuka barabara Mugumu au Tarime mjini anaikosa.

Trafiki wasimamie mwendo bila kuangalia sura ya mwenye basi, na wamiliki waache kumpima dereva kwa idadi ya safari. Nawe abiria, dereva akikanyaga mafuta kupita kiasi, usimshangilie. Paza sauti mapema.