Je, Wajua? Niasini Haikai Mwilini

Peramiho, Songea, ugali wa mahindi ndio mlo wa kila siku. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, ila imefungamana kiasi kwamba utumbo hupata kidogo tu. Karanga, ambazo wengi huziona kitafunwa, ni mkombozi: zina niasini nyingi, tena mwili hugeuza miligramu 60 hivi za triptofani, kijenzi cha protini, kuwa miligramu 1 ya niasini.

Ya ziada haiwekwi. Ini huibandika methili, kikundi kidogo cha atomi, kisha figo huitoa kwa mkojo.

Mwaka 1990 nchini Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, karanga zilikatika kwenye mgao wa wakimbizi wa Msumbiji. Zaidi ya 17,000 waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ngozi ikibabuka shingoni na mikononi.