Malipo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Malipo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchini Tanzania ni posho wanayopewa watu wanaotembelea kaya kufuatilia wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wa muda mrefu. Kwa miaka mingi wengi walijitolea, na posho ilitegemea miradi ya wafadhili. Mradi ulipokwisha, posho nayo ilikoma.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza malipo yalingane na ugumu wa kazi, saa, mafunzo na majukumu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu 137,294 kwa miaka mitano.

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, vitongoji vingi vimetawanyika vilimani. Hapo kiwango kimoja kwa wote humpunja mhudumu anayetembea mbali au kujilipia nauli. Katika kambi za Nduta (Kibondo) na Nyarugusu (Kasulu) kazi kama hiyo imefanywa na wakimbizi waliopewa posho na mashirika. Kwa hiyo wanaofanya kazi inayofanana katika wilaya moja wanaweza kuwa na walipaji tofauti na viwango tofauti.