Sweta la misuko lilivyonitoa jasho kwenye baridi ya Sumbawanga

MTU wa Dar es Salaam akiambiwa amehamishiwa Sumbawanga kikazi, la kwanza kuuliza ni habari za wachawi. Wenyewe tunamwambia jina la mji maana yake ni "tupa uchawi", lakini nani anasikiliza! Ningekuwa yeye ningeuliza habari za sweta. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai upepo wa huku Ufipa hauna adabu hata kidogo. Mgeni anashuka kwenye basi na shati la mikono mifupi, kesho yake unamkuta mtumbani anachambua makoti.

Sasa baridi hiyo ndiyo inayonipa ugali. Mimi nafuma masweta kwa mkono. Ndiyo, mwanaume mzima! Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kuombea dua, nikakaa nyumbani Kizwite nikihesabu mabati. Mama mmoja jirani akanionea huruma, akanipa njiti mbili za baiskeli zilizosuguliwa ncha, akasema, "Shika hizi mwanangu, kuliko kushika tama."

Masela wa kijiweni walicheka mpaka wakachoka, eti nafuma kama mwari. Niliwaambia waende wakawaulize babu zao. Kabla vitambaa vya dukani havijatapakaa huku, Wafipa walilima pamba, wakasokota uzi, wakafuma nguo wenyewe. Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872 akayaona mambo hayo na kuyaandika. Na waliokaa kwenye mitambo ya kufumia walikuwa wanaume. Kweli, ile ilikuwa kazi ya mtambo na si ya sindano mbili, lakini nani hapo kamwiga mwanamke?

Basi, mwezi wa nne nikapata oda ya kwanza ya maana. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alitaka sweta la vifungo lenye misuko, ule mchoro unaopanda kifuani kama nywele za twende kilioni. Tulipatana shilingi 50,000, akatanguliza nusu, nimkabidhi kabla ya mwisho wa Juni. Nikanunua uzi. Chenji iliyobaki ikaenda kwa mwenye nyumba, maana alishaanza kunisalimia kwa macho tu. Kwa hiyo hata nikitaka kurudisha pesa, sina.

Misuko inatisha kuitazama, lakini siri yake ni ndogo. Unatenga vitanzi sita. Ukifika hapo, vitatu vya kwanza unavihamishia kwenye sindano ya tatu, fupi, unaviacha vining'inie. Unafuma vitatu vinavyofuata, halafu ndipo unarudi kuvifuma vile vilivyosubiri. Ukiviweka mbele, kamba inalalia kushoto. Ukiviweka nyuma, inalalia kulia. Unarudia kila baada ya safu sita. Pembeni ya kila kamba weka vitanzi viwili vya kinyume ili ijitokeze vizuri. Kwa kuwa sweta la vifungo lina vipande viwili vya mbele, kimoja kisuke kulia na kingine kushoto, vitazamane. Vyote vikielekea upande mmoja, mvaaji ataonekana kama kapigwa na upepo.

Mimi nilipanga kamba nane nyuma. Mama alikuwa na kifua cha sentimita 92, na ukiweka nafasi ya blauzi ndani, nyuma ilitaka upana wa sentimita 50. Uzi wangu ulikuwa unatoa vitanzi 22 kwa sentimita 10. Hesabu za kidato cha nne hizo: vitanzi 110. Nikafuma wiki mbili kwa raha zangu, nimewasha redio. Nilipofika kwapani nikachukua futikamba. Sentimita 42!

Nilinywea kama puto. Nilikimbilia kwa jirani hata shikamoo nikaisahau. Aliliangalia, akacheka. "Wewe, ukisuka nywele hazipungui upana? Na uzi ni vilevile." Kosa langu ni kwamba kipande cha majaribio nilikifuma kitupu, bila misuko. Kamba inavuta vitanzi vikae juu ya vingine, na kila moja inakula karibu sentimita nzima. Dawa yake ni kuongeza vitanzi viwili kwa kila kamba. Kwangu mimi vilikuwa 16, jumla 126. Tena usiviongeze kwenye pindo la chini, maana pindo litatanuka kama sketi. Ongeza kwenye safu ya kwanza baada ya pindo.

Nilifumua mpaka pindoni. Wiki mbili zikarudi kuwa bonge la uzi.

Huo haukuwa mwisho wa kasheshe. Vitanzi vikiongezeka, uzi nao unaongezeka. Nikarudi dukani, bluu ileile, kampuni ileile, kumbe haikutoka kwenye pipa moja la rangi. Juani iliiva zaidi. Jamani, kwenye karatasi ya uzi kuna namba ya rangi, isomeni kabla ya kulipa, na nunueni wote kwa mkupuo mmoja. Pesa ya uzi mwingine sikuwa nayo. Nikafikiri usiku kucha, nikaamua ile bluu iliyoiva iende kwenye kola, ncha za mikono na ukanda wa vifungo tu, ionekane ni makusudi. Matundu ya vifungo nikayaweka upande wa kulia, ndiyo desturi ya nguo za kike.

Halafu siku ya mwisho nikaona kamba moja nyuma imekatiza upande usio wake. Ningekuwa yule wa mwezi wa nne ningefumua tena sweta zima! Safari hii niliachia vile vitanzi sita tu, vikateremka mpaka penye kosa, nikavipandisha kimoja kimoja.

Tarehe 27 Juni nikapeleka. Mama alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akashika kola. Moyo ulinilipuka paa.

"Na hizi rangi mbili umenichagulia vizuri, mwanangu."

"Asante, mama," nikasema, nikatazama chini.

Alijaribu kidogo kunikumbusha kwamba mtumbani sweta ni elfu tano, kisha akahesabu 25,000 zangu zote. Nilimwomba asilipige pasi ya mkaa, uzi huu wa dukani unayeyuka, na akilifua asilitundike, alilaze.

Wiki iliyofuata akaja shoga yake. Naye anataka misuko, na kola ya rangi iliyoiva kama ya mwenzake. Kifua chake ni sentimita 112. Nimeshaanza kipande cha majaribio, tena chenye misuko.