Jengo Laweza Kungoja, Jani la Chai Haliwezi

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet si ajabu kumwona kijana aliyekwenda mjini kwa kazi ya ujenzi akirudi nyumbani kabla ya wakati, akisema kwamba kazi imekwisha. Wazee humwuliza kosa lake lilikuwa nini. Mara nyingi hakufanya kosa lo lote. Yafaa basi kila mtu afahamu jinsi kazi ya ujenzi inavyopatikana na jinsi inavyopotea, maana asiyejua sababu ya jambo humlaumu asiyestahili lawama.

KAZI ISIMAMAYO JUU YA MATUMAINI

Mtu anayejenga nyumba za kupangisha au kiwanda hutoa fedha nyingi leo, akitumaini kwamba kodi au faida itamrudishia baada ya miaka kumi au ishirini. Kwa hiyo kazi ya ujenzi husimama juu ya matumaini kuliko kazi nyingi nyingine. Mwenye fedha akiingiwa na hofu juu ya siku zijazo, si lazima abomoe kitu; hungoja tu. Kungoja huko hakumdhuru sana yeye mwenyewe. Lakini kontrakta asipopata jengo jipya la kufuata lile linalokwisha, huwaachisha kazi vibarua wa kuchimba msingi, kisha waashi na maseremala, na mwisho wapaka rangi. Wala hasara haiishii hapo. Huwafikia wachonga mawe, wapasua mbao, madereva wa malori, na mama auzaye uji na maharagwe karibu na mahali pa kazi.

MAMBO YA MWAKA 1960

Mfano ulio wazi ni ule wa Kenya katika mwaka 1960. Mwezi wa Januari na Februari mwaka huo, wajumbe wa Kenya walikutana huko London katika nyumba iitwayo Lancaster House, na ikajulikana kwamba nchi itatawaliwa na Waafrika walio wengi. Kwa Waafrika hiyo ilikuwa habari ya furaha. Lakini Wazungu na Wahindi wengi wenye mali waliingiwa na wasiwasi, na fedha nyingi zikahamishwa nje ya nchi. Watu walikwenda kwa wingi kuchukua akiba zao katika vyama vilivyokopesha fedha za kujenga nyumba. Chama ambacho akiba zake zimekwenda hakiwezi kukopesha, na asiyepata mkopo hajengi. Ujenzi wa nyumba za watu binafsi mjini Nairobi ukaanguka.

Mwaka uo huo Serikali ilipokea taarifa ya Bwana Dalgleish juu ya watu wasio na kazi. Watu wenye kazi za mshahara katika Kenya mwaka 1960 walikuwa wamezidi 600,000. Kufikia mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa makumi ya maelfu. Yafaa kukumbuka kwamba kibarua wa ujenzi hakuwako London, wala hakuhamisha hata senti moja. Hata hivyo yeye ndiye aliyetangulia kupata hasara.

KWA NINI CHAI NI TOFAUTI

Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Mvua za huko hunyesha karibu mwaka mzima, na kwa hiyo chai huchumwa miezi yote. Kichaka kilichochumwa leo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Jani likiachwa hukomaa na kuwa gumu, lisifae tena kwa chai nzuri. Kwa sababu hiyo mwenye shamba, hata awe na hofu namna gani, hana budi kuwataka wachumaji kesho asubuhi. Tena chai ya Kenya huuzwa hasa katika nchi za ng'ambo, na haitegemei wapangaji wa Nairobi. Jengo laweza kungoja. Jani la chai haliwezi.

Lakini isidhaniwe kwamba shamba la chai laweza kumpokea kila aliyekosa kazi mjini. Kampuni iliyo na hofu huendelea kuchuma, lakini yaweza kuahirisha kufungua mashamba mapya na kujenga nyumba za wafanya kazi wake; na hapo mwashi wa Kericho hukosa kazi sawasawa na mwashi wa Nairobi.

Je, mtu asiye na kazi apande chai yake mwenyewe? Mwaka 1960 iliundwa idara maalum ya kuwasaidia Waafrika wenye mashamba madogo kupanda chai, na mwaka 1964 kazi hiyo ilishikwa na shirika la K.T.D.A. Njia hiyo imewafaa watu wengi, lakini yataka subira. Mche wa chai huhitaji kiasi cha miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchumwa vema. Aliyeachishwa kazi mwezi huu hawezi kulisha watoto kwa chai anayoipanda mwezi huu. Wakati wa kupanda ni wakati mshahara bado unaingia.

MAPATANO YA MWAKA 1964

Mwezi wa Februari 1964, Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walifanya mapatano. Waajiri wa kampuni walikubali kuongeza wafanya kazi kwa asilimia 10, na Serikali kwa asilimia 15. Vyama navyo vilikubali kutodai nyongeza ya mishahara kwa muda wa mwaka mmoja. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha, lakini walioajiriwa hawakufika hata robo yao. Wengi walikuwa wametoka mashambani waliposikia kwamba kuna kazi. Wataalamu wa uchumi walijifunza hapo kwamba nafasi moja ya kazi mjini huwaita watu wengi kuliko mmoja. Mapatano kama hayo yalifanywa tena mwaka 1970, wala hayo nayo hayakuondoa shida.

MAMBO YA MIAKA HII

Mwaka 1960 hofu ya wenye mali ndiyo iliyosimamisha ujenzi. Mwaka 2024 ujenzi katika Kenya ulirudi nyuma tena, na simiti iliyotumika ikapungua. Safari hii sababu moja kubwa ilikuwa madeni ambayo makontrakta wa barabara walikuwa hawajalipwa na Serikali. Kontrakta asiyelipwa huegesha matingatinga yake, na kibarua hurudi kwao. Sababu zabadilika, bali mtu wa kwanza kuumia ni yule yule.

Chai nayo imeonyesha kwamba si ngome isiyobomoka. Jani haliwezi kungoja, ni kweli, lakini mkono unaolichuma waweza kubadilishwa kwa mashine, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 watu wenye hasira waliziteketeza mashine za kuchuma chai huko Kericho, wakisema kwamba zimewanyang'anya riziki.

Basi yampasa mtu wa nchi ya chai asiitegemee kazi moja tu kana kwamba haitakwisha. Anayekwenda kwenye ujenzi na aulize mapema ni nani anayelipia jengo hilo, na kama kuna jengo jingine litakalofuata. Aliye na kishamba nyumbani asikiache magugu kwa sababu mshahara ni mzuri mwaka huu. Na wenye kuongoza nchi na wafahamu kwamba deni la kontrakta lisipolipwa kwa wakati wake, hulipwa na watoto wa kibarua kwa njaa.